Fundi Baridi, Baba wa Watoto Watano

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani na marafiki. Huyu tuliyemsindikiza mpaka hapa, mjini walimwita Fundi Baridi, na nyumbani alikuwa na jina lingine ambalo tutalifikia. Watoto wake waliketi pamoja sebuleni kwake kuyaandika maisha haya. Walibishana sana, kwa sababu kila mmoja alimjua kwa upande wake. Mama yao aliwaacha wabishane, halafu akawaambia waandike yale tu ambayo baba yao angekubali yasomwe yeye akiwa ameketi mstari wa mbele. Ndiyo haya.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1954, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe, mama yake alilima mboga na kuimba kwaya. Ukuta mmoja wa kanisa walilobatiziwa wote sita ulijengwa na mikono ya baba yao, na wakiwa wadogo walikuwa wakiketi upande ule ule kana kwamba ukuta ni wao. Alikuwa mtoto mwembamba, mwingi wa maswali, na kila kitu chenye skrubu hakikusalimika mbele yake. Siku moja aliifungua saa ya ukutani ya baba yake, akaifunga tena, na gurudumu moja dogo likabaki juu ya meza. Saa ikatembea vilevile. Baba yake alimchapa kwanza, kisha akamkalisha chini amweleze alivyofanya.

Alisoma shule ya msingi ya misheni, na mwaka 1971 akaingia chuo cha ufundi. Alitaka kusomea umeme wa majumbani, lakini darasa lilikuwa limejaa, wakamweka kwenye majokofu, yeye ambaye hakuwa amewahi kuliona friji kwa ndani. Likizo ya kwanza alitaka mama yake aone anachojifunza. Alichukua bonge la barafu, akalifunga ndani ya sweta, akalipakata njia nzima. Alipofika nyumbani alikuwa amebeba sweta bichi. Mama yake alilikamua, akalianika, akauliza kama ada yote ile ilikuwa ya kujifunza kulowesha nguo. Kisa hicho marehemu alikipenda kuliko cheti chake.

Mwaka 1974 aliajiriwa kiwanda cha maziwa, upande wa vyumba vya baridi. Alikaa huko miaka kumi, akivaa koti zito la sufu wakati wenzake nje wanatokwa jasho, na hapo ndipo jina la Fundi Baridi lilipoanzia. Mwaka 1984 alifungua karakana yake, chumba kimoja chenye mlango wa bati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Waliowahi kufika pale wanakumbuka mafriji yaliyosimama kando ya ukuta kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari, na yeye amepiga magoti nyuma ya mojawapo, sikio kwenye kompresa, mkono mmoja juu kuwanyamazisha wateja. Friji bovu likiingia kwake, kitu cha kwanza alikuwa anang'oa mlango. Wateja walilalamika. Aliwaambia mtaani kuna watoto, na mtoto akijifungia ndani ya friji hata akilia hasikiki. Mlango ulirudi siku ya friji kuondoka. Zahanati nayo ilimtegemea kwa friji la chanjo. Likizimika Jumapili, hata mahubiri yawe yamefika patamu, alitoka kwa kunyata, na mchungaji wa wakati ule alizoea kuinua mkono kumbariki akiwa mlangoni.

Nyumbani kwake, hata hivyo, friji halikuwahi kufanya kazi hata mwezi mmoja mfululizo. Watoto waliligeuza kabati la madaftari.

Tarehe 4 Desemba 1976 alifunga ndoa na mke wake wa kwanza, msichana wa kwaya ambaye kicheko chake kilimtangulia kona mbili kabla hajafika. Walijaliwa binti, ambaye leo ni mkunga, na mvulana, ambaye leo ndiye anayeshika karakana. Tarehe 20 Agosti 1986 mke huyo alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Binti alikuwa na miaka minane, mdogo wake miaka miwili.

Watu walimshauri awapeleke watoto kwa bibi yao, mama wa marehemu mkewe. Walimshauri kwa nia njema, naye aliwakatalia kwa upole. Alijifunza kukoroga uji usiwe na madonge. Alijifunza kufua shati la shule bila kuling'oa vifungo. Kilichomshinda ni kusuka nywele. Kila Jumamosi mchana alifunga karakana mapema, akamkalisha binti yake kwenye kigoda kati ya magoti yake, akahangaika naye mpaka jioni. Mistari ilipinda kila upande, na alikaza kila msuko kama anakaza nati. Mtoto aliingia kanisani macho yamevutwa, kichwa hakigeuki, naye amejivuna, maana wasichana wengine walisukwa na mama zao tu.

Mwanzoni mwa mwaka 1988 aliitwa shule moja ya bweni. Friji kubwa la jikoni lilikuwa limezimika likiwa na nyama ya wiki nzima. Mpishi mkuu, mjane mwenye watoto wawili, alisimama mlangoni mikono kiunoni, asije fundi akaondoka na kipande. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa amefariki kwa ajali ya barabarani. Marehemu alifanya kazi yake kimya, mashine ikanguruma, naye akainamisha kichwa na kufumba macho.

Mpishi akamwuliza, "Kumbe friji nalo linaombewa?"

"Siliombei friji, mama," akajibu. "Namshukuru Mungu kwa niaba yangu, maana sikuwa na hakika kama litawaka."

Mama huyo alisimulia baadaye kwamba hajawahi kumsikia fundi akisema hana hakika, na kwamba hapo ndipo alipomkaribisha chai. Friji lile liliendelea kuharibika mara kwa mara mwaka ule kuliko ilivyotarajiwa. Hakuna aliyeuliza sana.

Walifunga ndoa tarehe 15 Aprili 1989, mbele ya watoto wanne waliovaa nguo mpya na nyuso za msiba. Walihamia nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu vya kulala. Chumba kimoja cha wazazi, kimoja cha wavulana, kimoja cha wasichana. Mpaka hapo kwenye karatasi kila kitu kilipendeza. Ila karatasi haina kikombe cha bluu ambacho wawili wanadai ni chao, wala kitanda cha dirishani, wala mtoto anayeamka na kukuta sabuni ya mama yake imebadilishwa ikanukia nyumba nyingine.

Mzito kuliko wote alikuwa mtoto wa kwanza wa mama, mvulana wa miaka kumi na miwili, ambaye leo ni seremala. Siku ya kumzika baba yake, watu wazima walimshika bega mmoja baada ya mwingine na kumwambia kwamba sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Wao walisema wakaenda zao. Yeye alilibeba neno lile kweli. Alikagua milango jioni, alikaa kwenye kiti cha baba yake, alimwuliza mama kama amekula. Ghafla anaingia mtu na kisanduku cha vifaa, anaambiwa huyu ndiye baba. Marehemu alipoelewa jambo hilo hakulifanyia mkutano. Alimwachia kile kiti. Jioni ya kwanza alivuta stuli akaketi pembeni ya meza, na miaka yote iliyofuata aliketi hapo hapo, kwenye stuli.

Mdogo wa mvulana huyo, msichana wa miaka minane, hakuwa na tatizo na yeyote mradi apate mtu wa kumsikiliza. Walimwita Kasuku. Huyo ndiye aliyempa marehemu jina la nyumbani. Marehemu alipenda sala ya jioni, na alisali kwa kirefu. Alikuwa na namna ya kuishusha sauti kama amefika mwisho, watoto wakavuta pumzi, mtu akatamka amina, halafu yeye akaendelea na wagonjwa. Jioni moja Kasuku alinong'ona kwa sauti iliyomfikia kila mtu, "Amina bado." Meza nzima ilicheka, marehemu naye akacheka mpaka akafuta machozi, na tangu hapo nyumbani akawa Mzee Aminabado. Wanaosoma vizuri orodha za mababu katika Maandiko wanajua kuna jina linalokaribiana na hilo. Siku lilipotokea kwenye somo la Jumapili, benchi lao lote lilitolewa nje na mama kwa kucheka.

Lakini mvulana mkubwa hakucheka. Katika sala alikaa macho wazi, akimtazama.

Marehemu aliamua kwamba watoto wa mke wake wasijione wageni hata siku moja. Kwenye sala aliwataja wao kwanza. Mikutano ya shule alianza na madarasa yao. Aliitengeneza baiskeli ya mvulana bila kuombwa, akaiegesha ukutani na kuondoka kabla hajaonwa. Alikuwa na haraka ya kupendwa na watoto waliofiwa, na haraka ile ilikuwa ya nia njema. Hakuona kilichokuwa kinapotea upande mwingine. Mke wake alisuka vizuri sana, kwa hiyo nywele za wasichana zikawa kazi yake, na karakana ikaanza kufunguliwa Jumamosi mpaka jioni, maana nyumba sasa ilikuwa na midomo sita. Kila mtu alimsifia binti yake kwa mistari iliyonyooka.

Mwaka mmoja baada ya harusi, binti huyo, akiwa na miaka kumi na miwili, alimfuata baba yake karakanani. Alisimama katikati ya mafriji yasiyo na milango akasema alichokuja kusema.

"Baba, mimi unaniombea mwisho, wakati wote wameshasema amina. Jumamosi ilikuwa yangu, sasa ni ya wateja. Wewe umepata watoto wapya. Mimi nipeleke kwa bibi, huko bado ni mtoto wa mtu."

Marehemu alisimulia kwamba alikuwa ameshika bisibisi na hakujua aiweke wapi. Angeweza kumkaripia, angeweza kumwapia kwamba si kweli. Alijitazama moyoni akaona ni kweli, ingawa hakukusudia. Siku ya pili alimbebea begi lake akampeleka kwa bibi yake. Mke wake alilia, akasema yeye ndiye aliyemfukuza mtoto. Alimjibu kwamba aliyemfukuza ni mtu aliyedhani upendo ni kuwahudumia wageni kwanza.

Alimtembelea kila Jumamosi jioni, akishafunga karakana. Bibi alimpokea vizuri, akampa kiti, naye binti alitoa salamu na kurudi chumbani. Bibi alikuwa mama mwenye ulimi mkali na moyo mwepesi. Alimwambia, "Mwanangu, umepoza maziwa ya mji mzima, huyu mmoja amekushinda. Mwache. Atapoa mwenyewe." Marehemu alirudi nyumbani amejikunyata kwenye koti lake la kiwandani, na mkewe alijua asimwulize kitu.

Ilikuwa kipindi hicho ndipo kanisa lilipomwomba awe mzee wa kanisa. Alikataa. Wazee walidhani ni unyenyekevu, wakarudi mara ya pili. Aliwaambia nyumbani kwake mtoto mmoja hayupo mezani, na mtu wa namna hiyo hawezi kusimama mbele kuwasomea wengine neno. Aliukubali wajibu huo miaka mingi baadaye.

Tarehe 2 Februari 1991 mkewe alijifungua mtoto wa kike. Wale waliowahi kuishi katika nyumba ya namna hii wataelewa kilichotokea. Mtoto yule alikuwa mtu pekee duniani aliyekuwa ndugu wa damu wa watoto wote wanne. Mvulana mkubwa, ambaye hakuwa anamwambia marehemu zaidi ya shikamoo, alianza kumwuliza kama maji ya kumwogesha mtoto yamepoa. Kasuku alimweleza kichanga habari zote za mtaa. Mvulana mdogo alidai anafanana naye. Binti wa kwanza, kule kwa bibi, alikuja kumwona mara moja, akamshika mkono kidogo, akaondoka bila kunywa chai. Mama alisema alimwona akigeuka nyuma pale kona.

Mtoto hakufika mwaka. Mwezi wa tisa alipata homa kali, wakamkimbiza hospitali, madaktari wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Alifariki tarehe 19 Septemba 1991.

Bibi alikuja na binti siku hiyo hiyo. Marehemu alikuwa ameshazungumza na wachimbaji watafute nafasi upande wa chini wa makaburi. Mke wake wa kwanza alilazwa upande wa juu, na hakuthubutu kumwambia mkewe wa sasa kwamba pale pana nafasi. Aliona ni kumwongezea jeraha. Mama aliposikia habari za upande wa chini alisimama katikati ya watu, leso mkononi.

"Hapana," akasema. "Mpelekeni juu, kwa mama yake mwingine. Sitaki alale peke yake."

Mchungaji alikohoa kidogo, kama mtu anayetaka kueleza fundisho la kanisa juu ya walioaga, akafikiri, akalimeza. Binti alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha bibi yake. Alipita katikati ya mabega ya watu wazima mpaka akamfikia mama huyo, ambaye mpaka siku hiyo binti hakuwa amemwita kwa jina lolote.

"Mama anajua kubembeleza," akamwambia. "Mimi alikuwa ananibeba mgongoni hata nilipokuwa mkubwa."

"Najua, mwanangu," mama akamjibu. "Ndiyo maana nikamchagua."

Kisha walikaa chini wote wawili sakafuni, na hakuna aliyewanyanyua kwa muda mrefu. Marehemu aliwaona kutokea mlangoni. Alisema maishani mwake aliona mambo mengi ambayo watu huyaita muujiza, ila yeye akiulizwa muujiza ni nini, anaiona ile sakafu.

Jioni ya mazishi, watu walipopungua, familia iliketi mezani. Marehemu aliinamisha kichwa kwenye stuli yake. Alisema, "Mungu wetu," akaishia hapo. Walingoja. Mtu aliyekuwa akisali mpaka chakula kinapoa hakuwa na neno hata moja la pili. Hapo ndipo mvulana mkubwa, kwenye kiti cha baba yake, alipofumba macho kwa mara ya kwanza katika nyumba ile.

"Mungu," akasema, "Fundi amechoka. Mama amechoka. Mtunze mtoto. Amina."

Na hapakuwa na bado.

Bibi alirudi kwake peke yake. Begi la mjukuu alilileta mwenyewe wiki iliyofuata, akalalamika kwamba ni zito. Tangu msiba ule sala ya jioni ikawa ya wote kwa zamu, na kila mmoja alimwombea aliyeketi kushoto kwake, kwa hiyo hakuna aliyekuwa wa kwanza wala wa mwisho. Marehemu ndiye aliyeupanga utaratibu huo. Alimwambia binti yake mbele ya wenzake kwamba alichosema karakanani kilikuwa kweli, na kwamba alikuwa amechelewa kukijibu. Hakuongeza maelezo.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo, mama alimkalisha binti amsuke. Akashika chanuo, akaligeuza geuza, akampa. "Nenda kwa baba yako," akamwambia. "Mimi mkono unaniuma." Mkono haukuwa na neno, maana mchana ule ule ulikanda unga wa watu sita. Binti alikwenda. Karakana ikafungwa mapema. Kesho yake aliingia kanisani mistari imepinda kila upande, macho yamevutwa, na safari hii mama yake alitembea kando yake akiwa amejivuna kuliko yeye.

Haikuwa nyumba ya malaika. Kikombe cha bluu kilivunjwa kwa makusudi na mpaka leo hajulikani aliyekivunja, ingawa watoto waliokuwa wakiandika wasifu huu walimtazama mmoja. Lakini ugomvi wao ukawa wa ndugu, ule unaoisha kabla ya chakula. Marehemu alimsomesha mkunga, akamfundisha mwanawe wa kiume kusikiliza kompresa, akamsindikiza Kasuku kwenye usaili wa redio, maana alisema mtoto huyo amezungumza bure miaka yote na sasa ni wakati alipwe. Yule mvulana mkubwa alipotaka kuwa seremala, marehemu alimtafutia mwalimu bora mjini. Kazi yake ya kwanza ya kuuza ilikuwa meza ya watu wanane, na mnunuzi alikuwa marehemu. Kijana hakuwahi kumwita baba. Alimwita Fundi mpaka siku ya mwisho, naye marehemu hakuwahi kumwomba neno lingine. Mtu mmoja kanisani alipomchokonoa kuhusu hilo, alimjibu kwamba kijana huyo ana baba yake, na yeye hakuja kumfuta.

Mwaka 2021 alianza kukosa pumzi akipanda ngazi za kanisa. Hospitali waliona mapafu yameingia makovu. Alikabidhi karakana, lakini alikwenda pale kila asubuhi kuketi, mpaka kutembea nako kukamshinda. Mtungi wa oksijeni ulipoletwa chumbani aliugonga kwa kidole kama alivyozoea kugonga mitungi yake ya gesi, akatabasamu, akalala. Zamu yake ya sala ilipofika alisema maneno machache akapumzika. Zamani watoto wangeshangilia sala fupi. Sasa walikaa vichwa chini wakitamani aendelee.

Mke wake alimwuguza kwa mikono yake mwenyewe, miaka mitatu kasoro. Alimwogesha, akamgeuza, akamsimulia yaliyotokea kanisani. Siku za mwisho alimwuliza kama anaogopa. Marehemu alifikiri, akasema haogopi anakokwenda, anaona uchungu kwa kumwacha ajane mara ya pili.

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Chumbani walikuwapo mkewe, binti yake mkunga aliyeshika mkono wake kwenye mshipa, na seremala, aliyekuwa amemwegemeza kifuani ili apumue. Mwanawe wa karakana alikuwa njiani na dawa. Redio ilikuwa wazi kwenye meza ndogo, kwa sababu saa hiyo Kasuku husoma habari, na marehemu hakuwa anakubali kuikosa sauti ile. Alisikiliza vichwa vya habari. Kasuku alipofika habari za hali ya hewa, mshipa ulikuwa umenyamaza. Hakuna aliyeizima redio. Walimwacha amalize kusoma, awatakie wasikilizaji jioni njema, ndipo seremala alipotoka nje kumpigia simu dada yake.

Mwili wake ulihifadhiwa katika hospitali ambayo mitambo ya chumba chake cha baridi aliifunga yeye. Mhudumu wa pale alimwambia mwanawe kwamba marehemu kila alipokuja kuitengeneza alivua kofia kwanza, akawasalimia waliolala mle, halafu ndipo akafungua kisanduku.

Wazazi wake, ndugu zake wawili, mke wake wa kwanza na binti yake mdogo walimtangulia. Ameacha mjane, dada wawili na kaka mmoja, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu tisa, na mafundi wengi aliowafundisha. Kijana wa duka la uchapaji aliyekuwa akiandaa ratiba ya ibada hii aliuliza, kwa adabu, watoto wa marehemu ni wangapi na wa mama ni wangapi, ili awapange vizuri. Watoto walitazamana. Aliyejibu ni mama yao.

"Mume wangu wa kwanza alipofariki nilibaki na watoto wawili," akasema. "Huyu ameniachia wanne. Andika hivyo."

Ee Bwana uliyemwita, mpokee mtumishi wako kama alivyowapokea wasiokuwa wake. Umpe pumziko, nasi utupe nguvu za kurudi nyumbani bila yeye. Amina.